Nani Kasema Kuwaenzi Watu Wako ni Ukabila?

Kuna hoja moja imenichosha. Inasema kwamba ukumbi wa kuwaenzi wanamichezo wa asili moja ni ukabila uliovalishwa suti. Naisikia sana kutoka kwa vijana wenzangu, tena wale waliosoma, wale ambao wakisikia neno "asili" tu wanakunja sura. Mfano wanaopenda kuuponda ni wa Wamarekani wenye asili ya Poland, ambao tangu mwaka 1973 wana Ukumbi wa Kitaifa wa Heshima wa Michezo wa Wapolandi wa Marekani. Jina refu kama treni ya Reli ya Kati, lakini kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: wanachagua wanamichezo wenye damu ya Kipolandi waliofanya makubwa, wanawaandalia hafla, wanatundika vibao vyao ukutani. Basi.

Wanaoponda wanauliza: hawa si Wamarekani? Besiboli ina ukumbi wake Cooperstown, futiboli ya Kimarekani ina wa kwake Canton, mpira wa kikapu una wa kwake Springfield. Milango yote hiyo iko wazi kwa Mpolandi. Sasa kuna haja gani ya kwenda kujitenga huko Michigan na kuhesabu nani bibi yake alitoka Krakow?

Leo naijibu hoja hiyo, na sitaijibu kwa upole.

Tuanze na historia kidogo, maana wengi wanaoponda hawaijui. Wapolandi walimiminika Marekani kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wakati huo nchi yao haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilimaliza kuigawana mwaka 1795 na haikurudi mpaka 1918. Kwa hiyo mtu aliingia Marekani akiwa hana nchi, hana Kiingereza, na mara nyingi hana kazi nyingine zaidi ya ile ambayo waliotangulia hawakuitaka: makaa ya mawe Pennsylvania, chuma Gary na Cleveland, machinjio Chicago, magari Detroit. Mwaka 1924 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya uhamiaji iliyopanga idadi ya wageni kwa kufuata sensa ya mwaka 1890. Kwa nini sensa ya miaka 34 nyuma? Kwa sababu mwaka 1890 Wapolandi, Wataliani na Wayahudi wengi walikuwa bado hawajafika. Hesabu za kijanja kabisa. Ukitumia sensa hiyo, wageni wengi watatoka Uingereza na Ujerumani, na yule wa Poland anabaki bandarini na kifurushi chake.

Halafu vikaja vichekesho. Kufikia miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Mpolandi alikuwa mjinga rasmi wa Marekani. Kulikuwa na vichekesho lukuki juu yake, na wote mmeshavisikia kwa sababu huku kwetu tunavisimulia vilevile, tunabadilisha kabila tu. Mwaka 1971 tamthilia ya All in the Family ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni, na ndani yake mzee Archie Bunker anamwita mkwewe mwenye asili ya Poland kwa neno la matusi la watu wake, huku watazamaji wanaangua kicheko. Najua, waandishi walikuwa wanamcheka mzee mwenyewe. Lakini neno lenyewe liliingia sebuleni kwa mamilioni ya watu wiki hadi wiki, na mtoto wa shule hapambanui kejeli na tusi.

Miaka miwili baadaye ukumbi ukaanzishwa. Mtu wa kwanza kuwekwa humo alikuwa Stan Musial.

Hapa naomba msomaji utulie kidogo. Musial alizaliwa mwaka 1920 Donora, Pennsylvania, mji wa viwanda, baba yake mhamiaji kutoka Poland aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma na nyaya. Donora ndio mji ule ambao Oktoba 1948 moshi wa viwanda ulituama juu yake siku kadhaa na kuua watu 20. Huyu mtoto wa Donora akaenda St. Louis, akachezea timu moja tu ya ligi kuu maisha yake yote, akamaliza na mapigo halali 3,630. Na hapa pana takwimu ambayo hata usipoijua besiboli utaipenda: mapigo 1,815 aliyapata nyumbani, na 1,815 ugenini. Mara tatu alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Alipofika mwaka 1973 alikuwa na miaka minne tayari ndani ya ukumbi wa Cooperstown.

Sasa niambieni, mtu kama huyo anahitaji kibao cha Wapolandi wa Michigan cha kazi gani? Hahitaji. Hakikumwongezea pigo hata moja. Wao ndio waliomhitaji. Walihitaji kusimama mbele ya taifa lililokuwa linawacheka na kusema: huyu mnayempenda, huyu mnayempigia makofi miaka ishirini na ushee, ni wetu. Jina lake la ubatizo ni Stanisław. Mkiendelea kutucheka, mcheke mkijua mnamcheka na yeye.

Huo ni ukabila?

Ukabila, wandugu, naujua. Ukabila ni pale bosi anapompa kazi mpwawe na kumwacha mwenye sifa. Ukabila ni kugawana kilicho cha wote kwa kufuata ukoo: vyeo, viwanja, nafasi za masomo. Unapima kwa swali moja tu: nani amenyang'anywa? Kibao kikitundikwa Michigan, nani amekosa nafasi yake Cooperstown? Nani amefukuzwa kazi? Hakuna. Ni watu wamechanga pesa zao wenyewe, wamekula chakula chao wenyewe, wakawapigia makofi watoto wao. Wataliani wa Marekani nao walianza wa kwao Chicago mwaka 1977. Wayahudi wana wa kwao Israeli. Dunia haijaanguka. Ukitaka kupambana na ukabila nenda kwenye ofisi zinazoajiri, usimalize nguvu zako kwenye hafla ya chakula cha jioni.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni majina.

Kule Cooperstown kuna mchezaji anaitwa Al Simmons. Alitwaa ubingwa wa besiboli mara mbili na timu ya Philadelphia, 1929 na 1930, na alikosa mapigo 73 tu kufikisha 3,000. Huyu alizaliwa Milwaukee kwa jina la Szymanski. Inasimuliwa kwamba alichoka kusikia watu wakilitafuna jina lake, akaona tangazo la kampuni ya vifaa vya ujenzi, akachukua jina la kwenye tangazo. Fikiria hilo! Jina la babu yako unalibadilisha na la duka la misumari, na hilo la duka ndilo linaloandikwa kwenye shaba milele.

Hakuwa peke yake. Bingwa wa ndondi uzito wa kati Tony Zale, mtu wa Gary, Indiana, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma na kupigana na Rocky Graziano mara tatu kati ya 1946 na 1948 na kushinda mbili, alizaliwa Zaleski. Stanley Ketchel, bingwa mwingine wa uzito huohuo, alizaliwa Kiecal. Stan Coveleski alizaliwa Kowalewski, na yeye historia yake inaniuma kuliko zote. Alianza kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Shamokin, Pennsylvania, akiwa na miaka 12. Saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa dola 3.75. Piga hesabu uone saa moja inatoka shilingi ngapi. Jua alikuwa halioni isipokuwa Jumapili. Jioni alikuwa anaweka makopo na kuyatupia mawe, basi mkono ukapata shabaha, na mwaka 1920 akashinda michezo mitatu kwenye fainali moja ya ubingwa wa besiboli kwa timu ya Cleveland.

Ukumbi mkubwa wa mchezo unamkumbuka kwa yale aliyofanya ukiwa uwanjani. Sawa, ndiyo kazi yake. Ila ukumbi wa mchezo hauna sababu ya kukuuliza uliitwa nani kabla ya tangazo la duka. Ukumbi wa watu wako unayo, maana bila jina hilo usingekuwemo humo. Ukiondoa ukumbi wa namna hii kwa jina la kupinga ukabila, umemaliza kazi ambayo aibu iliianza. Kwa hiyo hoja ya wenzangu hawa naiona imekaa kichwa chini miguu juu. Wanadhani Mpolandi alikuwa anaishi kwa amani kama Mmarekani wa kawaida, kisha mwaka 1973 akajitenga. Kumbe alitengwa kwanza, akajificha, halafu ndipo akatoka mafichoni.

Tazama jinsi mambo yalivyobadilika. Carl Yastrzemski alipoanza kuichezea Boston mwaka 1961 alikuja na jina lake zima, mtoto wa wakulima wa viazi wa Long Island. Watangazaji walitaabika, wakamkatia wakamwita Yaz, lakini vitabu vilibaki na herufi zote kumi na moja. Mike Krzyzewski wa Chicago naye hivyohivyo. Baba yake alipokuwa jeshini alitumia jina la Kiingereza ili asibaguliwe. Mwana akawa kocha wa Duke mwaka 1980, akastaafu 2022 akiwa na ushindi 1,202, ubingwa wa vyuo mara tano na dhahabu tatu za Olimpiki na timu ya taifa. Wanamwita Kocha K, ni kweli, lakini muulize shabiki yeyote wa mpira wa kikapu akuandikie jina lenyewe: atakosea mara mbili, ila atajitahidi. Baba alijificha, mwana hakujificha. Hapo katikati kuna kitu kilifanyika, na watu waliokataa kuona haya wakishirikiana na wenzao ni sehemu ya hicho kitu.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wapo wanaoutetea ukumbi huu kwa hoja mbovu vilevile. Kuna watu wanasema: mnaona? Wapolandi nao waliteswa, kama weusi walivyoteswa, na wao wakanyamaza wakafanya kazi wakafanikiwa. Mwe! Hapana. Simmons alibadilisha jina, akaingia ligi kuu mwaka 1924. Josh Gibson angebadilisha jina mara ngapi? Angejiita Simmons, Smith, Washington, jibu lingekuwa lilelile, kwa sababu mlango wa besiboli ulifungwa kwa mtu mweusi mpaka Jackie Robinson alipopita mwaka 1947, na Gibson akafariki mwaka huohuo, miezi michache kabla ya siku hiyo. Satchel Paige aliingia ligi kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao wenzake wanacheza na wajukuu.

Na mfano mkali zaidi ni wa Ketchel huyohuyo. Oktoba 1909 alipanda ulingoni California kumpinga Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu. Ketchel alikuwa mdogo kwa kila kipimo. Lakini umati ulimshangilia, na haukumshangilia kama Kiecal, mtoto wa wahamiaji wa Grand Rapids. Pale alikuwa Mzungu, basi. Tiketi ya kuingia kwenye Uzungu ilikuwa inauzwa, na bei yake mojawapo ilikuwa jina. Johnson aliangushwa raundi ya 12, akainuka, akampiga Ketchel ngumi moja iliyomlaza chali. (Nimetazama ile filamu mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi.)

Kwa hiyo ukumbi wa Wapolandi ukisimulia mateso ya watu wake, usimulie na hiyo tiketi. Usiposimulia, unadanganya nusu. Lakini tangu lini nusu ya uongo inatibiwa kwa kufunga jengo?

Na jambo jingine linalonikera kwao, damu. Ukitaka kuingia lazima uwe na asili, na asili inapimwa kwa ukoo. Musial mwenyewe upande wa mama ana asili nyingine ya Ulaya ya Mashariki. Ukianza kupima robo na nusu utafika mahali pa ajabu. Ningependa kumuona humo mwalimu wa mazoezi asiye na tone la damu ya Kipolandi aliyewalea watoto wa Kipolandi miaka arobaini kwenye kiwanja cha vumbi. Haya, siyo ukumbi wangu, ni wa wao. Nalisema nilishushe moyoni tuendelee.

Watu hawa wana tabia ya kutunza majina, na sisi tunaweza kushuhudia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wapolandi waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Siberia na Wasovieti walitolewa, wakapitia Iran, na maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki, Uganda na Tanganyika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, watu wapatao 5,000. Vita vilipoisha wakatawanyika duniani. Nenda Tengeru leo uone makaburi yao, yametunzwa, na majina yamechongwa kwa herufi zote ngumu zile. Hakuna aliyefupishwa.

Sasa tufike kwa mtu ambaye kwa ajili yake ndiyo nimekaa kuandika. Stella Walsh.

Alizaliwa Stanisława Walasiewicz nchini Poland mwaka 1911. Wazazi wakamhamishia Cleveland akiwa mtoto mchanga. Akakua akikimbia, na alipofika umri wa miaka ya mwisho ya utoto hakukuwa na msichana Marekani wa kumkamata. Tatizo, hakuwa raia. Olimpiki ya 1932 ikaja, tena Los Angeles, nyumbani kabisa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umempokonya kazi yake kwenye shirika la reli. Halmashauri ya Cleveland ikampa nafasi kwenye idara ya michezo, lakini sheria za ridhaa za siku hizo zilisema ukilipwa kwa kazi ya michezo huwezi kwenda Olimpiki. Poland ikampa kazi kwenye ubalozi wake mdogo New York. Ungefanya nini wewe? Akavaa jezi ya Poland, akashinda mita 100 kwa sekunde 11.9, na baadhi ya magazeti ya Marekani yakamwona msaliti. Mtoto wa kiwanda, hana kazi, nchi aliyokulia haijampa uraia, halafu msaliti ni yeye!

Miaka minne baadaye Berlin akawa wa pili nyuma ya Helen Stephens wa Marekani. Ukazuka uvumi, ukaandikwa na gazetini huko Poland, kwamba Stephens ni mwanamume. Maofisa wakatangaza kwamba amekaguliwa na ni mwanamke. Shikeni hapo, tutarudi.

Uraia wa Marekani Stella aliupata mwaka 1947. Mwaka 1954, akiwa na miaka 43, alikuwa bado bingwa wa Marekani wa michezo mitano ya riadha. Na Cleveland hakuiacha. Alifundisha watoto, alipanga mashindano, alikuwa mtu wa kila shughuli ya jamii yake. Ukumbi wa Wapolandi ulimpa heshima yake akiwa hai, miaka ya 1970.

Tarehe 4 Desemba 1980 alikwenda dukani kununua riboni za kuipokea timu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyokuwa inakuja kutoka Poland. Kwenye maegesho ya magari majambazi wakampiga risasi akafa. Alikuwa na miaka 69.

Sheria ilitaka maiti ifanyiwe uchunguzi. Waliochunguza wakaona kwamba maumbile yake yalikuwa na jinsia tata. Habari hiyo ikavuja na kurushwa kwenye televisheni ya Cleveland hata kabla hajazikwa. Hajazikwa! Magazeti yakatunga vichwa vya habari vya kuchekesha. Mimi ni mwandishi wa habari, na kila mara nasoma tukio hili najiuliza chumba cha habari kilikuwaje siku ile, nani alisema "turushe", na je, yupo hata mmoja aliyesema "tusubiri azikwe". Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa wilaya ile alitoa ripoti yake mwezi Februari 1981. Alieleza hali ya kromosomu zake, na akasema wazi kwamba mwanamke huyu aliishi, akajulikana na akatambuliwa kisheria kama mwanamke maisha yake yote. Lakini ripoti ya miezi miwili baadaye haifuti kicheko cha siku ya kwanza.

Tangu hapo wapo wanaosema aondolewe. Medali iondolewe, jina lifutwe, kibao kishushwe. Na mara nyingi, angalieni sana, ni walewale wanaosema ukumbi wa asili hauna maana. Ndiyo maana nasema hoja hizi mbili ni moja.

Ndugu zangu, huyu mtu alidanganya lini? Alizaliwa, wakunga wakasema msichana. Akalelewa msichana. Hakunywa dawa, hakujibadilisha, hakumficha mtu kitu ambacho huenda hata yeye hakuwa na jina la kukiita. Kromosomu zilikuwa hazipimwi na yeyote wakati anakimbia Los Angeles. Unamhukumu kwa kipimo ambacho hakikuwepo, kwenye mwili aliozaliwa nao, akiwa maiti.

Mkitaka kujua ingekuwaje kama angekuwa hai, tazameni Mpolandi mwingine, Ewa Kłobukowska. Mwaka 1964 Tokyo alipata shaba ya mita 100 na dhahabu ya kupokezana vijiti. Mwaka 1967 akapimwa kromosomu, wakasema hafai kukimbia na wanawake. Alikuwa na miaka 20 tu na kazi yake ikaishia hapo. Baadaye shirikisho la riadha la dunia likafuta rekodi zake za dunia, kama ambavyo zile mbio hazikukimbiwa. Kipimo chenyewe baadaye kikaachwa kwa sababu kilikuwa hakifai.

Sasa rudini nyumbani. Fainali ya wanawake mita 800, Rio 2016: wa kwanza Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu wakaguswa na masharti ya homoni yaliyoanza kutumika mwaka 2019 kwa mbio za mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba hakulia njiani, akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 masharti yakapanuliwa yakazifikia mbio zote. Annet Negesa wa Uganda amesimulia hadharani tangu 2019 jinsi alivyofanyiwa upasuaji mwaka 2012 baada ya kuambiwa homoni zake zimezidi, na jinsi mwili wake haukurudi kama zamani. Shirikisho limekana kuhusika na upasuaji huo. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Semenya hakusikilizwa kwa haki Uswisi. Septemba mwaka huohuo riadha ya dunia ikaanza kudai kipimo cha jeni kwa kila mwanamke. Kromosomu zimetoka mlangoni, jeni imeingia dirishani. Na Helen Stephens aliyekaguliwa Berlin, je? Aliyekuwa anashukiwa ni yeye, aliyekuja kutangazwa kwenye televisheni ni mwenzake. Ndivyo vipimo hivi vinavyotembea, leo kwako kesho kwa aliyekunyooshea kidole.

Simwambii mtu sheria za mbio ziweje. Hilo ni pambano jingine, lina wataalamu wake, na nitaliandikia siku yake. Ninachosema ni kwamba orodha za wakubwa wa michezo zinafuata sheria za wakubwa wa michezo, na sheria hizo zinabadilika. Leo umo, kesho humo. Orodha ya watu wako haiombi ruhusa Monaco wala Lausanne. Wapolandi wa Marekani walimweka Stella ukutani, dunia ikamcheka, na wao wakamwacha palepale. Jina lake bado limo. Cleveland nayo ikakipa jina lake kituo cha michezo cha mtaa. Hao wanaoitwa wakabila ndio waliokataa kumtupa mtu wao kwa sababu ya ripoti ya chumba cha maiti.

Ninalowadai ni moja, waandike majina yote mawili. Walsh na Walasiewicz, Simmons na Szymanski, Zale na Zaleski, kwa ukubwa uleule wa herufi, na waandike sababu. Mtaa wenyewe hautawasaidia kukumbuka. Hamtramck, ule mji uliozungukwa na Detroit, ulijaa Wapolandi waliokuwa wanafanya kazi kiwanda cha Dodge. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Mwaka 2022 baraza zima la mji lilikuwa la Waislamu, wengi wenye asili ya Yemen na Bangladesh, nao bila shaka wana watoto wanaokimbia na majina ambayo watangazaji wanayatafuna. Kila la heri kwao, na wao wajenge wa kwao.

Anayetaka kubisha karibu, uwanja upo. Ila aje na jibu: siku shirikisho litakapoifuta ile shaba ya Rio kwenye orodha yake, jina la Wambui tutalitundika kwenye ukuta gani?